Gari Ulilosema Haliharibiki

Nyarugusu, Geita
Jumapili, saa nane mchana

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua umeitikia huku umekunja uso, unajiuliza kwa nini Mwanahamisi anaandika barua na simu anayo. Subiri, nitakwambia. Kwanza nijue hali zenu. Goti lako bado linakusumbua ukipanda ngazi za msikitini? Wifi Rehema kile kikohozi kimemwacha? Na Mama macho yake vipi, anatia dawa kweli, au kaifungia kabatini kama ile ya kwanza? Mimi huku sijambo kabisa. Zuhura wangu naye hajambo, yuko bweni Geita mjini, na juzi nilipomtembelea nilimkuta amenipita kimo.

Haya, kwa nini barua. Kaka, kwenye simu wewe husikilizi. Nikisema tu "gari limechemsha", sijavuta hata pumzi umeshaniuliza nilikuwa gia namba ngapi, maji niliangalia lini, na nani alikuwa ameshika usukani, kana kwamba huku nina dereva. Barua haikatizwi. Kaa kitako, vaa miwani, usome mpaka mwisho.

Gari lenyewe ulilichagua wewe. Siku ile tulipolifuata ulilizunguka mara tatu, ukalipiga teke tairi, ukasema, "Mwana, chukua hili. Nimeendesha gari za namna hii miaka yote niliyokuwa serikalini. Hii haiharibiki. Hii itatuzika sisi." Nikaamini. Nikalileta huku jeupe, linang'aa kama kanzu ya Idi.

Kazi yangu unaijua. Napika hapa senta, kisha napakia masufuria nyuma ya gari napeleka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule mlimani. Wateja wangu wakubwa ni duara la Masanja, watu arobaini, na saa saba mchana wakitoka chini wanataka wakute sahani. Masanja ndiye mwenye duara, Msukuma wa kutoka Kahama, mtu mpole sana, ila kwenye saa ya kula upole wake unaisha. Alinipa kazi hiyo kwa ajili ya maharage yangu ya nazi. Watu wa huku nazi hawakuizoea, lakini walipoionja, basi tena.

Sasa gari lisiloharibika likaanza kuchemsha. Mara ya kwanza lilinizimia katikati ya mlima, mshale wa joto umepanda mpaka mwisho, moshi unatoka kwenye boneti, na mimi nimesimama kando na mwiko mkononi. Wachimbaji walishuka wakalia chakula barabarani. Tulicheka siku hiyo. Mara ya pili hakucheka mtu. Mara ya tatu wali ulifika saa tisa na nusu, umeshikana, na nilipopakua hakuna aliyeniangalia usoni.

Nikaenda kwa mafundi. Mwe! Kaka, mafundi ni watu gani wale? Kila mmoja akifungua boneti, jambo la kwanza ni kusonya na kuuliza, "Nani alikufungia hivi?" Jambo la pili, kama wamekaririshwa darasa moja, "Lakini mama, gari hizi haziharibiki." Fundi wa kwanza akang'oa themostati akaitupa, akasema hicho ni kitu cha nchi za baridi. Likachemsha. Wa pili akaniuliza ni mwendawazimu gani alitoa themostati, akabadilisha wota pampu. Likachemsha. Akabadilisha na gasketi, akasafisha rejeta kwa ndani mpaka yakatoka maji ya kunywa, akalipiga gari kofi mgongoni, akasema, "Nenda mpaka Bukoba." Sikufika hata Bukoba ya mawazo. Pale pale kwenye kilima cha pili, moshi.

Nawe ukinipigia: "Mwana, gari halina tatizo hilo. Tatizo ni mguu wako." Nililia siku hiyo, sikukwambia. Nililia nikamenya vitunguu ili aliyepita asijue ninalilia nini.

Ijumaa ya wiki ile Masanja akanijia mwenyewe mpaka jikoni. Hakuketi. Akasema, "Mama Zuhura, chakula chako tunakipenda. Lakini vijana wanatoka chini hawana nguvu, wanakaa juani wanasubiri. Jumatatu ukichelewa, kuna mama wa Buseresere ameomba, nitampa yeye." Nilibaki nimeshika mfuniko. Bila duara la Masanja mimi sina kazi Nyarugusu, na hilo lilikuwa wazi kwetu sote wawili. Nilipokupigia jioni ile, ukasema, "Basi, liuze, urudi nyumbani. Ulikwishajaribu." Kaka, neno hilo "ulikwishajaribu" liliniuma kuliko maneno ya Masanja.

Jumamosi nikaenda kwa fundi wa tatu, yule mwenye sifa. Akasikiliza mlio, akafumba macho kama anaombea maiti, akasema injini imekwisha, itafutwe nyingine. Nikamwuliza, "Si mnasema haziharibiki?" Akasema, "Haziharibiki, mama. Hii imechoka tu." Nikachukua funguo zangu nikaondoka bila kuaga.

Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira. Nikalipaki uani, likawa linatoa moshi mbele yangu kama linanicheka. Nilikuwa na beseni la maji ya sabuni niliyooshea masufuria. Nikalimwagia usoni, lote, na matusi juu. Nisamehe, Ramadhani ilikuwa bado mbali.

Kaka, yakatoka maji mekundu. Si kidogo. Yalichuruzika kutoka ndani ya ile shoo, wavu wa mbele, udongo mzito, mabonge kwa mabonge, halafu hayaishi. Nikachuchumaa nikachungulia. Unajua mbele ya rejeta kuna ile rejeta nyembamba ya AC? Kati ya mbili zile palikuwa pamejengeka ukuta. Nikichomeka kijiti cha ufagio, hakipiti. Hata upepo ungepitia wapi? Gari lilikuwa limezibwa pua, na mafundi watatu walikuwa wanalitibu tumbo.

Utauliza, udongo wote huo ulifikaje, gari hulioshi wewe? Ndiyo, Kaka. Hapo ndipo penye jambo nililokuficha. Sikuwa naliosha. Kabla ya masika, siku moja nikishuka na masufuria matupu, Masanja aliniomba nimpakilie viroba vya mawe nimpelekee karasha, kwenye kinu cha kusagia. Mawe yale yalitoa dhahabu ambayo duara lile halijawahi kuiona. Walirudi wakiimba. Na kuanzia siku hiyo ikawa sheria: gari la Mama Zuhura lina nyota, lisioshwe, maana ukiliosha unaosha bahati ya watu. Mimi, mtoto wa Muheza niliyelelewa na maalimu, nikacheka moyoni, lakini nikatii, nikaona kutokuosha gari hakunipunguzii kitu. Masika ikapita juu yake, kiangazi kikaukausha udongo wake. Hata mafundi ni wa hapa hapa, wanaijua sheria. Yule wa pili, nilimsikia kwa masikio yangu akimfokea mwenzake, "Weka chini hilo dumu la maji, hilo ni gari la Mama Zuhura!"

Basi nimejua ugonjwa, lakini dawa yake ndiyo ile iliyokatazwa. Nisipoosha, Jumatatu nachelewa, kazi inakwenda Buseresere. Nikiosha na mawe yakatoka matupu, nitaambiwa nimewamwagia bahati yao, kazi inakwenda vilevile. Nilifikiria nioshe rejeta tu, mwili niuache na udongo wake, nani angejua? Halafu nikajiuliza, Mwanahamisi, utaishi kwa kujificha mpaka lini? Jumapili asubuhi nikalitoa nje ya ua, mbele ya njia ya watu wanaotoka kanisani, nikaliosha lote. Juu, chini, vioo, tairi, nikang'oa na ile shoo, nikapitisha mswaki kwenye vitundu kimoja kimoja. Watu walisimama. Bibi mmoja akashika mdomo. Mimi nikaendelea kusugua, nikaimba kaswida kwa sauti.

Jumatatu nikapakia. Nikaanza mlima. Macho yangu hayakuwa barabarani, Kaka, yalikuwa kwenye mshale. Kilima cha kwanza, uko katikati. Cha pili, pale liliponiaibisha, uko katikati. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari, "Haya sasa! Haya sasa!" Saa sita na nusu nilikuwa duarani, wali unafuka moshi, na moshi mwingine hakuna.

Hakuna aliyeshangilia. Walilitazama gari, wakanitazama mimi. Masanja akapitisha kidole kwenye bodi, akakiangalia kilivyo safi. "Mwangaluka, mama," akanisalimia kwa Kisukuma. "Mhola," nikamjibu. Akasema, "Umeliosha." Nikasema, "Nimeliosha. Udongo ndio uliokuwa unalichemsha. Nimewahi au sikuwahi?" Akasema, "Umewahi. Lakini Alhamisi tunapeleka mawe karasha. Yakikataa, vijana hawa sitawazuia mimi." Wakala wakilitazama gari.

Alhamisi hiyo niliswali alfajiri nikiwa na nia ya dhahabu ya watu wengine. Nikapika, nikawahi tena, nikasubiri. Walirudi kutoka karasha saa nane, wametembea taratibu, na sikuhitaji kuuliza. Mawe yalikataa. Hakuna kitu, mchanga mtupu.

Kijana mmoja akanitupia sahani yake chini. "Si huyu! Si huyu mama na maji yake!" Wengine wakaanza kunung'unika kwa Kisukuma, nisielewe maneno lakini nikielewa macho. Ningeweza kuingia kwenye gari nikaondoka. Nilisimama, upawa mkononi, nikawaambia, "Nisikilizeni. Mimi sichimbi. Mimi napika. Tangu ile siku ya bahati, gari likiwa chafu linanuka, mmelipandisha viroba vya mawe mara ngapi? Na mara ngapi mmerudi mnacheka? Semeni!"

Mzee Ng'wandu, ambaye ni mkubwa kuliko wote pale na haongei hata ukimkanyaga, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama anasema kweli. Mara moja tu. Mara zingine zote mawe yamekataa na gari chafu. Na sisi tumekula chakula baridi juu yake." Mtu wa nyuma akacheka, kicheko cha kujizuia kikaponyoka. Akacheka wa pili. Masanja akajaribu kuukaza uso, ukamshinda, akashika kiuno akacheka mpaka machozi. Akaokota sahani ya yule kijana, akaifuta kwa shati lake, akaninyooshea. "Wabeja, asante, mama. Mpakulie huyu kwanza, halafu mimi. Na maharage usininyime."

Nikapakua, Kaka. Mchuzi ulinimwagikia, lakini nilipakua sahani arobaini. Kesho yake wenzao wa duara la jirani, nao arobaini, wakanifuata wenyewe, wanataka nao wale saa saba. Nimekubali. Lile gari linapanda mara mbili kwa siku, mshale haugusi hata robo tatu, na kila Jumapili naliosha mbele ya watu. Yule fundi mwenye sifa nilipishana naye sokoni, akaniuliza, "Injini ulipata wapi?" Nikamwambia, "Kwenye beseni."

Kwa hiyo ulisema kweli, halijaharibika. Lakini na mguu wangu nao haukuwa na tatizo, na hilo nataka ulitamke kwa mdomo wako, wifi akiwepo awe shahidi.

Nisalimie Mama, umshike mkono ukimpa salamu zangu, usimpigie kelele za mbali. Msalimie Wifi Rehema, mwambie nazi alizonitumia zilifika zote na hazikuoza hata moja. Msalimie Mjomba Athumani, yule aliyesema mwanamke hakai machimboni mwezi. Msalimie na mwanao Mwanaisha, mwambie shangazi yake anamwombea ndoa yenye heri.

Na la mwisho, Kaka. Nimesikia Mama bado amekifunga kile chumba changu cha uani, ufunguo anao kwenye kanga, na kitanda hutandikwa kila Ijumaa eti Mwana akirudi akute pasafi. Mwambie afungue. Mwanaisha akae na mumewe humo mpaka wapate kwao, na lile godoro wachukue.

Mimi sirudi. Mimi nina watu themanini wa kulisha kesho saa saba.

Mdogo wako,
Mwanahamisi