Nimechagua Programu Inayoisikiliza Mvua

Mpendwa dada Awor,

Siku za soko pale Nagongera ulikuwa ukitangulia na kikapu cha mihogo kichwani, mimi nyuma na kuku mkononi. Njia fupi ilipita kwa jirani mwenye mbwa wakali, na hukuiamini kila siku. Ulisimama kwanza penye njia panda, ukasikiliza. "Leo hawajafungwa," ulisema. "Tuzunguke." Mimi nikinung'unika, wewe ukicheka.

Kisha ikaja ile mvua, nawe una uchungu wa kujifungua. Dereva wa gari la wagonjwa alifuata njia iliyoonekana fupi kwenye simu yake, akakuta kalavati limesombwa na maji. Tukarudi nyuma, tukazunguka. Nilikuwa nimekushika mkono. "Bado mbali?" uliniuliza. Nikakujibu tunakaribia. Tulipofika Tororo, wewe na mtoto mlikuwa mmeshatuacha.

Yaliyofuata huyajui, ndiyo maana nakuandikia. Sasa natengeneza programu ya kuelekeza magari ya wagonjwa ya huku Tororo na Busia. Ndani ya kompyuta kila njia panda ni nukta, kila barabara ni mstari, na kila mstari una uzito wake, yaani muda wa kuupita. Mchoro huo tunauita grafu. Ilibaki kuchagua chombo cha kuusoma na kutafuta njia.

Mwenzangu Wandera, wa Busia upande wa Kenya, alitaka chombo chenye kasi ya ajabu. Kinapiga hesabu za njia zote mapema. Ukiuliza, kinajibu hujapepesa jicho. Wakubwa wetu nao walikipenda. Nikamwomba Wandera afunge barabara moja ya Buhehe, kana kwamba imejaa maji. Chombo kikaanza kuhesabu upya mchoro mzima. Tulikunywa chai ikaisha, bado kinahesabu.

"Lakini mvua si ya kila siku," Wandera akasema.

"Mgonjwa wa siku ya mvua naye ni mgonjwa."

"Wakubwa watasema tumechagua konokono."

"Waache waseme."

Nikachagua kingine, kinachokawia kidogo kujibu, lakini kinakubali uzito wa barabara ubadilishwe papo hapo. Walinihoji mkutano baada ya mkutano. Sikulegea. Mwishowe nilikutaja kwa jina mbele yao, dada. Nilimaliza nilichokuwa nasema, nao wakakubali.

Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mwendesha boda mmoja, kati ya wanaotupa habari za barabara, akapiga simu: "Madam, daraja ya huku Buhehe imekwenda na maji!" Nikaifunga barabara ile kwenye mchoro. Baadaye kidogo gari likaondoka na mama mwenye uchungu. Programu ikalielekeza kwenye njia ndefu ya mwinuko, likaenda bila kusimama. Mchana dereva akanipigia. "Amejifungua msichana. Wote wazima."

Nilitoka nje ya ofisi yetu ya mpakani nikalia, nimesimama kando ya foleni ya malori yanayongoja forodha. Wandera akanifuata, akanipa leso. Kisha tukarudi kazini, maana mvua ilikuwa haijakatika.

Wiki ijayo naanza kuzunguka Nagongera kwa boda, kijiji kwa kijiji, niwaulize watu maji hupita wapi. Wewe pumzika, dada. Mimi bado nina kazi.

Mdogo wako