Zamu Niliyompokonya Mzee

Baba yangu,

Shikamoo. Kwenye simu huwa naisema mbiombio, leo naiandika taratibu: shikamoo, Baba. Mkono waendeleaje? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimepungua? Nasikia mvua zimeshika na mihogo ya upande wa kisimani imestawi hadi dada Mwanakombo hajui aipeleke wapi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mapaja yaniuma, hata ngazi napanda nikishika ukuta. Sababu yake utaisoma humu.

Barua hii anakuletea Charo, kijana wa Port Reitz ninayefanya naye kazi kwenye kiwanda cha nyama. Anakuja kwao likizo. Akikwambia nimenenepa, usimsadiki. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda, Baba. Tangu Ramadhani, kila nikipiga wajibu, "Alhamdulillahi mwanangu, hebu sema na dadako," na simu inahama mkono. Barua hii najua hutampa mtu kabla hujaimaliza mwenyewe, na miwani yako, neno kwa neno.

Huku Kanada ninakoishi ni nchi tambarare. Ni ngano na nyasi mpaka macho yachoke, na barabara imenyooka bila kona. Ukimwona mtu anakuja kwa mbele, waweza kumaliza kikombe cha chai hajakufikia bado. Miti hakuna, nyumba ni mojamoja, kwa hiyo upepo ukianza hauna wa kuuzuia.

Jumamosi iliyopita tulitoka watu wanane kwa baiskeli, kwenda mji wa pili, kilomita themanini. Hawa ni watu wa hapa mjini wenye kikundi chao. Mmoja wao huniona nikienda kazini kwa baiskeli majira ya joto, akanikaribisha. Niliswali alfajiri, nikavaa kofia yao ngumu, tukaanza. Gari moja lilitufuata nyuma na maji na chakula, na kumchukua atakayeshindwa.

Wana utaratibu wao, nao ni mzuri. Mnakwenda mstari mmoja, gurudumu karibu na gurudumu. Wa mbele ndiye anayepigwa na upepo, na walio nyuma yake wanapata nafuu. Baada ya dakika chache anajitenga pembeni, anawaacha wampite, anarudi mwisho wa mstari, na aliyekuwa wa pili anashika mbele. Kila mtu ana zamu yake, mwanamume kwa mwanamke. Hakuna anayehesabiwa nguvu.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja, jina lake Walta. Alikuwa mkulima wa ngano, sasa ana miaka sabini na mitatu, wewe umemzidi miwili. Shingo nyekundu ya jua, miguu myembamba, lakini baiskeli anaijua. Zamu yake ilipofika nikamwona anainama, upepo unampiga kifuani, na mwendo unapungua kidogo. Baba, mimi nimelelewa na wewe. Mzee atapigwaje na upepo, na kijana yupo nyuma yake amekaa kivulini? Nikakanyaga kwa nguvu, nikampita, nikamwambia, "Pumzika mzee wangu," nikashika mbele mimi. Zamu ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nilichoka vibaya, lakini nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, hawa leo watajua kwetu watoto hufunzwa adabu.

Adhuhuri tulisimama penye ghala la nafaka kula. Nilitafuta kibla, nikaswali majanini. Nilipotoa salamu nikamwona Walta anapandisha baiskeli yake kwenye gari. Nikamkimbilia, nikadhani ameumwa.

"Sijaumwa," alisema. "Wewe uliniona nimeshindwa?"

Nikamweleza: la, hasha, hii ni heshima, kwetu mzee hachoshwi kijana akiwapo.

Akaniuliza, "Na huko kwenu, mzee huwa anaulizwa kwanza?"

 Akaifunga baiskeli kwa mkanda, akasema taratibu, wala si kwa hasira, "Asiye na zamu si mwendaji mwenzenu. Ni mzigo. Na mzigo hupanda gari." Akaingia, akafunga mlango.

Kilomita arubaini zilizobaki nilizikanyaga nikilia, Baba. Ule upepo ulinisitiri, kila mtu alitokwa na machozi. Nilikuwa nakuona wewe. Nilikuona umekalia kitanda cha hospitali na bendeji mkononi, siku ulipoanguka na baiskeli ukikwepa tuktuki, kapu la mihogo likiwa nyuma yako, ukicheka kwenye simu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Nami badala ya kucheka na wewe nikampigia dada, nikamwamuru: baiskeli ifungwe mnyororo stoo, ufunguo akae nao yeye, na mihogo ipelekwe sokoni Likoni na bodaboda. Wewe ukauliza mara moja tu, "Nani alokwambia nimechoka?" Nikakujibu umetulea vya kutosha, sasa kaa, upumzike. Nilijiona mwana mwema.

Mwezi jana dada alinipigia faraghani. Akasema, "Wallahi kaka, baba amekuwa kama mgeni mle ndani. Nikimwekea chakula, ahsante. Nikimfulia kanzu, ahsante. Hagombi, hachagui. Hata Mtongwe chini hashuki tena kuzungumza na wenziwe, asema hana la kuwasimulia." Nilimjibu dada kwamba ni uzee tu. Mungu anisamehe. Sikutaka kusikia.

Jioni tulipofika, Walta alikuwa ametutangulia na amepanga viti. Nilimwendea mbele ya watu, nikamwomba msamaha. Akasema, "Safari ijayo kaa nyuma yangu. Ukae hapo hapo." Basi. 

Sasa nikwambie ambalo hata dada hajui. Sikuifunga baiskeli kwa ajili ya mifupa yako. Mama alipofariki, alizikwa alasiri ile ile, nami nilikuwa bado natafuta tiketi. Nilikaa kitandani huku, viatu miguuni, sina pa kwenda. Tangu siku hiyo simu ya nyumbani ikilia saa isiyo yake, navaa viatu kwanza ndipo niipokee. Ulipoanguka nilisema, hiyo ya pili siiwezi. Nikaona dawa ni wewe ukae mahali pamoja, usitoke, ili mimi nipate usingizi. Nililinda usingizi wangu nikauita heshima. Wewe ndiye uliyelipa.

Dada nimeshamwambia akupe ufunguo, na amekubali, ingawa amelia. Usidhani nakupa ruhusa. Mimi si wa kukuruhusu. Ile baiskeli ni yako, ulikuwa nayo kabla hujawa na mimi. Ukiamua kuipanda, ipande. Ukiona mkono haujakaza, iache. Ukiamua kumpa mtu, mpe. Ukianguka tena nitaumia, nawe usinifiche. Na ile siku ambayo sote tunaiogopa, Baba, huenda nisiwahi kufika. Nimelikubali hilo juzi barabarani, kwa mara ya kwanza. Naomba radhi zako ungali hai, nami ningali na sikio la kuzisikia.

Nisalimie dada Mwanakombo na shemeji, mume wake. Nisalimie shangazi wa Mjambere, mwambie ile picha ya ngano aliyoitaka iko ndani ya bahasha. Na maalimu aliyenisomesha Kurani, kama bado anaadhini, mpe mkono wangu.

Nitapiga simu Ijumaa, mkishatoka msikitini. Nigombeze, Baba. Nimekukosea miezi yote hii, na bado hujanigombeza.

Mwanao,
Salim