Jogoo wa Shangazi Langoni Mikumi

Dada Esta, shikamoo. Hatujambo, ila shemeji yako Yona atanitia wazimu.

Jana Kilosa shangazi yake alitupatia jogoo, zawadi ya maharusi. Nikamnong'oneza mume wangu, kesho si tunakwenda kutazama wanyama? Akasema jogoo wa shangazi hakataliwi wala hachinjwi njiani, lazima afike nyumbani mzima. Haya. Leo langoni Mikumi askari akatuambia, "Kuku haruhusiwi ndani, mama." Unadhani nani alibaki naye? Yona alipanda gari la watalii na ile kamera yake ya mtumba, mimi nikakaa juu ya jiwe, jogoo kwapani, jua utosini. Mara tembo saba wakavuka barabara kuu mbele yangu, taratibu, mtoto wao katikati. Hata jogoo alinyoosha shingo kuwatazama. Yona karudi amejaa vumbi, kaona swala tu, na anasema mimi niliota kwa jua!

Sisi tuna chumba kimoja, kwa hiyo jogoo tunakuletea wewe. Nakupenda sana, dada, lakini ukimchinja tutakosana. Ndiye shahidi wangu pekee.

Mdogo wako,
Rehema