Kusubiri Si Kazi

Mpendwa Baba Namsifu,

Jana nilipanda kwa miguu mpaka nyumbani kwenu Bombo. Najua ungenitania kwamba mwalimu wa fizikia amepanda kilima na anataka makofi, lakini goti langu unalijua. Namsifu alishaniambia, "Mama, likikugomea safari hii, usipande tena. Kaburi la baba, shangazi atalisafisha." Nilimwitikia tu, ila moyo uliniuma. Tangu tukulaze pale pembeni mwa migomba, ndipo ninapokuja kuongea nawe.

Gari kutoka Same lilinishusha chini, njia inapoanza kupanda. Kijana wa bodaboda akaniwahi. "Shikamoo mama. Twende, kilima hicho hukiwezi."

"Marahaba. Nitakiweza polepole."

Nikatembea nikikukumbuka ulivyokuwa tulipooana, mwalimu wa michezo mwenye miguu ya mbuzi. Ulikuwa unanitangulia mbio, kisha unanisubiri kwenye jiwe la kona, umeshika kikapu cha mchele wa mama yako. Nikifika nahema, unaniambia, "Pole na kazi, mke wangu. Ila mimi nimefanya kazi kubwa zaidi."

Nami sikukuachia hata siku moja. Nilikwambia kilima ni kimoja. Upande mbio au taratibu, kifizikia kazi ni ileile. Wewe umeimaliza kwa muda mfupi, kwa hiyo umenishinda nguvu. Na kama kazi yako imezidi yangu, ni kwa sababu ya uzito wa kikapu na kitambi chako.

"Na huku kusimama juani na kikapu chako? Sipewi pole?"

"Hupewi. Kikapu hakijapanda wala kushuka. Kusubiri si kazi."

"Na hili jasho?"

"Misuli inachoma makande ya asubuhi, inatoa joto tu."

Ulicheka mpaka kikapu kikakuponyoka. Mchele tukauokota na mchanga wake, na mama yako, Mungu amrehemu, akautafuna kimya kimya kwa heshima ya mkwe. Tangu siku hiyo, mtu akikukuta umesimama popote, hata nje ya kanisa, ulikuwa unamjibu, "Sina kazi. Namsubiri mke wangu."

Jana kwenye jiwe lile nilikaa, nikakanda goti, nikala ndizi, nikainuka. Vijana walinipita, kina mama wenye kuni wakanipita, na hata kuku mmoja alinipita. Sikujali. Nilifika kwako jua limeshaanza kushuka, nikang'oa mwenyewe magugu ya kaburi lako, nikajisikia nimetulia kama zamani. Namsifu alipopiga simu nilimwambia shangazi yake abaki na jembe lake.

Nimefurahi, Baba Namsifu. Nakukosa, lakini nimefurahi. Nitapanda kilima tena migomba ikishapaliliwa, na tena baada ya hapo, kila mara polepole kuliko mara iliyopita. Siku moja nitafika nisishuke tena. Sina haraka, maana kazi ni ileile.

Wewe nisubiri tu hapo. Pole sikupi.

Mkeo,
Mama Namsifu