Solo Yangu ya Kwanza Rodi Kopany

Jumamosi, Agosti 1994

Kuanza nilianza vizuri. Kumaliza ndiko kulikonishinda.

Wiki tatu sasa Omondi, kiongozi wa bendi yetu, ananifunza jambo moja tu: "Wacha kukimbia ovyo kwenye gitaa. Shika chodi, piga noti zake moja moja, juu na chini. Wimbo ukibadilisha chodi, na wewe badilisha." Leo, kwenye harusi huku Rodi Kopany, akanipa solo: yeye anaacha kuimba, gitaa langu linasikika peke yake. Nikiharibu, narudi kupiga ridhimu nyuma ya wengine.

Noti zikanitii. Nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Nyanyake bibi harusi, ambaye kila mtu anamwita Dani, akaja kucheza mbele yangu akitikisa mabega. Vigelegele!

Hapo ndipo nilipogundua sijafunzwa kutoka. Kila nikitafuta mwisho, najikuta mwanzo. Mara nne Omondi alifungua mdomo aimbe, akaufunga. Dani naye, nadhani aliona aibu kuacha kabla yangu, akazidi kucheza huku jasho likimtiririka, mpaka Omondi akachomoa waya wa gitaa langu.

Amesema solo itabaki yangu, lakini Jumatatu tunaanza somo la kumaliza. Nimeshukuru. Ila maneno ya Dani bado yananichoma.

Nilimkuta kitini akihema, nikamwomba msamaha.

"Unapiga vizuri, mjukuu wangu," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Lakini nikifa, huyu asiletwe matangani. Nitakaa wiki nzima bila kuzikwa."