Gari la Usukani wa Kulia

Muskati

Mdogo wangu Zuwena,

Marahaba, najua umeshaniamkia kabla hujaifungua bahasha. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua inakufaa, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi mzima wa kula na kusali. Kutembea ndiko kunakonishinda.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu, nami sitaki uisikie. Ni habari ya lile gari.

Nilikwambia nimelinunua: dogo, la mbio, la watu wawili, paa la turubai, mfano wa lile la daktari wa Raskazone tulilokuwa tukilikimbiza utotoni. Sikukwambia kwa nini. Huku magari hupita upande wa kulia wa njia, na usukani uko kushoto. Hili usukani wake uko kulia, kama kwetu. Lilikuwa limetupwa uani kwa mtu, injini haiwaki, viti vimeliwa na panya, na hakuna aliyelitaka. Mimi nikaona hili si la huku, hili ni la Tanga.

Kitindamimba wangu, ambaye nikitaja Tanga huinamia simu yake, alilipenda. Akasema, "Tulifufue, baba. Likipona nitakupeleka nalo Tanga kwa meli, nikae nawe hata mwaka." Unajua peke yangu sisafiri tena; hata ngazi za nyumbani napandishwa. Ndipo nikakuahidi kuwa nakuja kukaa, na kwamba Tongoni kuwazuru wazee wetu tutakwenda pamoja. Nawe ukawa unaahirisha kwenda, ukiningoja.

Wiki iliyopita tulilivuta hadi gereji ya Mpemba mmoja, Hamadi. Akaingia chini, akachomeka bisibisi kwenye chesisi, ikazama kama kwenye mkate wa boflo.

"Mzee wangu, aliyekuuzia ni Muislamu?"

"Muislamu, tena alinisalisha adhuhuri."

"Basi alikuwa anakuombea. Gari hili limelala ufukweni miaka. Wewe mtu wa Tanga hujui chumvi?"

Naijua, Zuwena. Mabati ya nyumba yetu yamebadilishwa mara ngapi? Lakini niliuona usukani, macho yakakomea hapo.

"Halitengenezeki?"

"Litatengenezeka. Chesisi itafutwe Ulaya, bodi ikatwe yote. Miaka minne, mitano."

"Na mimi?"

"Spea zako wewe sina, mzee."

Tukacheka. Kisha Hamadi akawa anajifuta mikono iliyokwisha takata zamani. Mwanangu akasema, "Basi, baba, tuachane nalo." Tangu siku hiyo hajaitaja Tanga, nami sina uso wa kumkumbusha. Ana kazi, ana watoto. Alikubali kulisindikiza gari. Kumsindikiza mzee bila gari, hakuna aliyemwomba.

Kwa hiyo usinisubiri. Chumba ulichonipakia rangi, mpangishe yule mwalimu aliyekuwa akikiulizia. Na Tongoni nenda Ijumaa hii kwa bajaji, kabla goti halijakukatalia.

Nisalimie mkweo anayekupikia, na shemeji yangu wa Mkwaja, mjane wa kaka yetu; mwambie barua yake imenifikia. Na ukifika makaburini, wape salamu zangu baba na mama. Usiwaambie kuwa naja.

Ni mimi kaka yako,
Seif