Visoda vya Jumatatu

Baba yangu,

Shikamoo. Nimezoea kuanza hivyo, na nimezoea uitikie kabla sijamaliza neno. Leo sitaitikiwa, basi niseme moja kwa moja: naona aibu. Wala si aibu ya juzi. Ni ya tangu nikiwa darasa la tano. Nimekua nayo, nimesoma nayo chuo cha ualimu, na mwaka jana nimekuzika nayo. Barua hii siifungi kwenye bahasha, maana itasomwa mbele za watu, na sababu nitaieleza nikifika huko.

Nianze na wiki yako, ambayo naijua kuliko ratiba yangu mwenyewe. Mama alikuwa Ntobeye akilima na kumuuguza bibi, mimi na wewe tukawa kule Biharamulo, kwenye nyumba ya mwalimu yenye sebule isiyo na kiti. Wenzako walilikwepa darasa la kwanza. Wewe uliliomba. Jumanne watoto walichota silabi kwenye kikapu, zile ulizozikata kwenye maboksi ya sabuni, wakajenga maneno sakafuni. Siku moja mmoja akajenga "mama kala ugali wa baba", ukacheka mpaka ukavua miwani. Jumatano mlitoka nje kuipima shule nzima kwa hatua na kamba ya katani. Alhamisi walifinyanga herufi kwa udongo wa kichuguu, na dirishani zikapangwa kukauka, nyingine zimeshavunjika miguu. Ijumaa ilikuwa ya hadithi, na mtoto aliyejua Kisukuma tu au Kisubi tu ulimruhusu asimulie kwa lugha ya kwao, mwenzake atafsiri. Mwalimu mkuu hakuipenda Ijumaa yako. Ulimwambia, "Mtoto akinyamaza, mimi nitajuaje anachokijua?" Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na bado nilikuja kunyamaza.

Lakini roho ya wiki ilikuwa Jumatatu, siku ya kuhesabu kwa visoda, vile vifuniko vya bati vya chupa. Kisoda cha soda kilikuwa moja, cha bia kilikuwa kumi. Mtoto akikusanya kumi vya soda, anakuletea mezani kwa heshima kama anayeleta posa, unambadilishia kimoja cha bia. Watoto ambao hawajawahi kushika kalamu walijua mamoja na makumi ndani ya majuma mawili. Nimefundisha miaka tisa sasa, sijaona njia inayoipita hiyo.

Visoda vilitoka Nyakanazi. Kila Jumamosi ulinipakia nyuma ya baiskeli, tukaenda njia panda, kule malori yanakolala na baa zimepangana na magesti. Ulisalimia wahudumu, ukakunja suruali, ukaingia chini ya meza. Mimi nilibaki nje nimeshika mfuko wa salfeti. Ulitoka na viganja vimejaa, ukamimina, ukarudi. Nyumbani uliviosha kwa majivu, ukakaa kizingitini kuvigonga kingo kwa jiwe, kimoja kimoja, visije vikawakata vidole. "Hesabu ikimkata mtoto siku ya kwanza," ulisema, "ataichukia mpaka uzee." Hukunywa pombe maisha yako yote. Kwenye harusi za kwetu ulipopewa pombe ya ndizi uliishika kwa adabu, kisha ukampa jirani.

Ila harufu ya bia haikutoka yote. Jumatatu mchana watoto walirudi kwao mikono inanukia baa. Wazazi wakaanza kuguna.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya matope. Nilimwona Mzee Masanja, mjumbe wa kamati ya shule, akishuka kwenye basi. Wewe wakati huohuo ulikuwa unatoka chini ya meza kwa mikono na magoti, kinyumenyume, kofia imekaa upande. Alisimama akakutazama. Ningemwendea nimwamkie, nimwonyeshe salfeti, yangekwisha palepale. Badala yake nilijibanza nyuma ya tairi la lori, nikaukumbatia ule mfuko usilie. Unakumbuka alikuwepo mtu mmoja pale, akili zimemruka, akizunguka na gunia la makopo? Shuleni aliyeonekana anaokota kitu aliitwa kwa jina la yule mtu mpaka amalize la saba. Mimi niliogopa jina hilo kuliko nilivyokupenda wewe. Sina njia nzuri zaidi ya kulisema.

Ijumaa kamati ilikaa darasani mwako, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, herufi za udongo zikiwatazama kutoka dirishani. Mzee Masanja hakuwa na chuki. Alisimama, akavua kofia. "Mimi sisemi cha kuambiwa," alisema. "Nimemwona mwalimu mchana kweupe anatambaa chini ya meza ya baa."

Ulijibu, "Nilikuwa naokota visoda vya watoto."

Mtu akacheka nyuma. Mwingine akauliza, "Ndoo nzima ya visoda vya bia humu darasani, ya kuokota tu?" Mwenyekiti akasema, "Lakini mwalimu, si huwa unakwenda na binti yako? Aitwe aseme."

Sikuwa mbali. Nilikuwa dirishani na wenzangu, tunachungulia. Niliingia, na nyuma yangu nikaacha vichwa vinne vya rafiki zangu vimejaa pale dirishani, masikio yote kwangu. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole, baba yako alikuwa anafanya nini mle ndani. Wewe ulikuwa umesimama karibu na ubao, umetulia kabisa, kama mtu ambaye jambo lake limeshakwisha. Uliniamini, Baba. Utulivu ule ndio unaoniamsha mpaka leo.

Nikasema, "Mimi nilikuwa nje. Sikuona alikuwa anafanya nini."

Hakuna neno la uongo humo, na ndiyo maana liliwatosha. Kichwani nilikuwa nimepiga hesabu zangu za kitoto. Baba mlevi si ajabu, wawili kati ya wale wanne dirishani baba zao walikuwa wakirudi nyumbani wakiimba. Anayelewa anachekwa, kesho anapewa shikamoo. Lakini baba anayetambaa kuokota taka, na mimi ndiye mshika mfuko? Nikachagua uwe mlevi. Niliona nimekusaidia, hebu fikiria.

Ulinitazama mara moja. Ukawageukia, ukasema, "Mwacheni mtoto aende. Hajala tangu asubuhi." Basi. Jioni ulinichomea ndizi, ukanimenyea. Nilingoja unichape. Ungenichapa ningelia, ningesema yote, ningepona. Uliniuliza tu kama nimefanya kazi ya nyumbani.

Walikuondoa darasa la kwanza. Visoda vilimwagwa kwenye shimo la taka, na watoto wako walikwenda kuvifukua wakati wa mapumziko mpaka mwalimu wa zamu akawafukuza kwa fimbo. Ukapewa darasa la sita, vitabu na chaki. Kile kikapu cha silabi ulikipeleka nyumbani, tukawekea vitunguu. Mwaka uliofuata uliomba uhamisho, ukarudi kwetu Ngara, ukafundisha Ntobeye mpaka ukastaafu, na hukuomba tena darasa la kwanza. Nilikuuliza kwa nini nikiwa chuoni. Ulisema mgongo. Nikajifanya nimeamini, maana iliniwia rahisi.

Sasa mimi ninalo darasa la kwanza, hapa Kasulo, na wiki yangu ni wiki yako. Nimeiiba nzima nzima, hata Ijumaa. Mwaka juzi kwenye mafunzo ya walimu niliwaonyesha wenzangu mamoja na makumi kwa visoda. Mwezeshaji akasimama akapiga makofi. "Mwalimu, hii umejifunza wapi?" Ilikuwa nafasi, Baba. Ukumbi mzima, kimya, wananingoja mimi. Nikasema, "Nilibuni tu mwenyewe." Kutaja jina lako kungeleta swali la pili na la tatu, nami sikuwa tayari kwa la tatu. Wakanipa cheti, nikapiga picha nacho mbele ya visoda.

Nilikuja kukuonyesha picha kwenye simu, tena kwa kujidai. Uliisogeza karibu na uso, ukavitazama vile visoda muda mrefu, hukuuliza nani kabuni. Uliuliza, "Kingo umezigonga?"

Nikasema nimezigonga. Sikuwa nimekigonga hata kimoja. Watoto wangu wawili walikuwa wameshakatwa vidole, nami nilikuwa nimewaambia wawe waangalifu. Jumapili ile nilirudi Kasulo, nikakaa chini na jiwe mpaka giza likaingia. Miezi minne baadaye ukaondoka. Mle katikati nilikuja Ntobeye mara tatu, nikakaa kitandani pako, tukazungumza mvua na bei ya maharage.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka nami nizikwe. Lakini juma lililopita nilikuwa Nyakanazi nabadilisha basi, mzee mmoja mwenye fimbo akaniita. "Wewe si binti wa yule mwalimu?" Alikuwa Mzee Masanja. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa pole ya msiba, akanishika mkono na mikono yake yote miwili. Akasema bintiye wa mwisho alijua hesabu kwa sababu yako, sasa ana duka lake. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Mwalimu wa watoto kama yule sijamwona tena. Basi tu, pombe ilimharibu."

Alisema kama mtu anavyotaja kijiji ulichozaliwa. Kwamba huko hivyo ndivyo unavyokumbukwa, na watu wema, wanaokupenda. Nikamwambia palepale, kando ya majiko ya chipsi, yote: salfeti, tairi la lori, dirisha. Nilisema ovyo ovyo, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka. Nilidhani atanifariji, kwamba nilikuwa mtoto.

"Kwa hiyo mimi nilimzulia mwalimu," alisema.

"Hapana, mzee. Wewe ulisema ulichokiona. Mimi ndiye nilificha nilichokiona."

Alichora chini kwa fimbo. "Binti, mimi niliyasema mbele ya watu," akasema. "Kuniambia mimi hapa stendi hakumsaidii. Ijumaa ijayo kuna mkutano wa wazazi, shule ileile. Nitamwomba mwenyekiti akupe nafasi. Nami nitakuwepo, maana na mimi ninalo la kusema."

Kwa hiyo naandika, Baba. Nimeandika na kuchana mara mbili, kwa sababu mara zote mbili nilijikuta najitetea. Naogopa. Wale rafiki zangu wanne sasa ni mama wa watoto, wawili wanasomesha watoto wao pale pale, watakuwa ndani safari hii wala si dirishani. Watauliza kwa nini nimengoja mpaka huwezi kusikia. Jibu ni kwamba nilikuwa mwoga, na wewe ulikuwa mpole, na upole wako niliutumia vibaya. Sikuombi unisamehe. Najua ulishanisamehe jioni ileile kwenye zile ndizi, na hilo ndilo lililonishinda kulibeba.

Kesho nitapanda basi la asubuhi. Nitachukua salfeti yenye visoda, niwaachie darasa la kwanza lao. Nitasimama karibu na ubao, pale uliposimama, niisome barua hii mpaka mstari huu. Halafu nitaikunja, niwatazame, na niwajibu lile swali waliloniuliza:

Baba yangu alikuwa chini ya meza akiwaokotea watoto wenu visoda vya kuhesabia. Nilimwona. Mimi ndiye niliyemshikia mfuko.

Pumzika, Baba. Na hivi vya kesho, kingo nimezigonga.

Binti yako,
shahidi wako aliyechelewa